Ukimpeleka mwajiri CMA, unaondoka na nini?

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kama inafaa mfanyakazi aliyefukuzwa amshtaki mwajiri. Kijiweni jibu huwa "utalipwa mamilioni" au "utapoteza muda tu". Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika tawi la chama, na wengi niliowasindikiza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi hapa Tanzania, hawakupata hilo wala lile.

Wapo wanaoshindwa kabla ya kusikilizwa. Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 kufikisha fomu yake CMA, na siku hizo huliwa na ahadi za ofisini: "Subiri kidogo, tunalishughulikia." Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila utadaiwa sababu ya maana, na ahadi ya mdomo utaithibitishaje? Wenzetu Kenya wana miaka 3.

Aliyewahi huanzia kwa msuluhishi. Huyu hatoi hukumu, anawakalisha mpatane, na mkishasaini makubaliano yanawafunga wote wawili. Mwajiri atataja kiasi cha kuudhi. Usikikatae kwa hasira. Jiulize kwanza kama kosa ulilofukuziwa ulilitenda. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Waajiri wengi huangukia kwenye utaratibu: hakuna barua ya tuhuma, hakuna kikao cha nidhamu, mtu anaambiwa na mlinzi getini kuwa asiingie. Basi watu hushangilia mapema. Ile fidia ya mishahara ya miezi 12 kwa aliyeachishwa isivyo halali, iliyowekwa na sheria hiyo ya 2004, ambayo kila mtu anaijua kwa kichwa, Mahakama ya Rufani imekwisha kubali kwamba inaweza kupunguzwa pale sababu ilipokuwa ya kweli na kasoro ikawa ya utaratibu peke yake. Aliyeiba dizeli kweli, hata kama hakuitwa kikaoni, asianze kukopa kwa hesabu ya mwaka mzima.

Mkishindwa kupatana mnakwenda kwa mwamuzi, na tuzo yake, yaani uamuzi anaoutoa, nayo si pesa mkononi. Mwajiri ana wiki 6 za kuomba marejeo, yaani tuzo ipitiwe upya, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Asipoomba wala kulipa, mzigo wa kukazia tuzo, yaani kuhakikisha inatekelezwa, ni wako, na kampuni ndogo ya ujenzi inaweza kuwa imeshafunga ofisi na kuhamisha mitambo.

Kwa hiyo ninawaambia wanachama waende, maana kufungua shauri CMA hakuna ada. Aliyefukuzwa bila kosa aende mpaka mwisho. Mwenye kesi ya mashaka achukue anachopewa kwenye usuluhishi, adai malipo ya likizo na cheti cha utumishi viandikwe humo humo, na asisaini karatasi isiyotaja tarehe ya kulipwa.