Dakika mbili mbele ya lango la skuli

Masuala ya wasomaji. Anayejibu ni mwalimu mstaafu aliyefundisha skuli za msingi za Unguja kwa miaka 31.

SUALA: Assalamu alaykum Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Kwa Mchina. Wiki iliyopita nilimpeleka mdogo skuli asubuhi, nikasimama mbele ya lango, hazadi nimewasha, gari sikuizima. Nikamteremsha, nikamfunga kamba za viatu, nikampa pesa ya kula. Nageuka, trafiki keshafika na ananiandikia. Dakika mbili tu Mwalimu! Na nyuma yangu walisimama wengine watano, hakuguswa hata mmoja. Nilipe au nipinge? Hii ni haki kweli?

JAWABU: Waalaykumu salaam. Marahaba mwanangu. Asubuhi ya namna hiyo inauma, najua, na kuona wenzako wanaondoka salama kunauma zaidi.

Kwanza ishike ile karatasi uisome yote. Tazama namba ya gari, pahala, saa, na kosa uliloandikiwa. Kama pahala hapo pamekatazwa kusimama na wewe ulisimama, lipa. Lipa kwa namba ya malipo, risiti uiweke. Pesa usimpe mtu mkononi, hata akikwambia anakusaidia. Kama unaona kosa lililoandikwa silo, basi usikubali mambo kwa ajili ya kuondokana nayo, jambo hilo lina mahakama yake. Lakini hoja ya kwamba wengine watano hawakuandikwa, hiyo haitakufaa kitu mbele ya hakimu. Na usiende na habari za faini ulizosikia kwa jamaa wa Dar es Salaam. Jeshi la Polisi ni la Muungano, lakini usafiri wa barabarani huku kwetu una sheria yake, ile namba 7 ya mwaka 2003. Bara wana yao ya mwaka 1973.

Sasa nije kwenye hizo dakika mbili, maana hapo ndipo ninapotaka unisikilize khasa.

Skuli yangu ya mwisho ilikuwa na mikondo miwili. Wa asubuhi wakitoka, wa mchana ndio wanaingia, na kwa nusu saa hivi pale langoni kulikuwa na watoto wa skuli mbili kwa hesabu. Wanaotoka wana njaa, wanaoingia wamechelewa. Ukutani pana meza za achari na ubuyu. Hapo ongeza Noah za wazazi, bajaji, vespa zilizobeba watoto watatu watatu, na kila mmoja anasema anasimama dakika mbili.

Siku moja mtoto wa darasa la pili alinunua ubuyu, akapita baina ya gari mbili zilizosimama kuvuka kwa mwenzake. Kijana wa vespa hakuwa na mbio kubwa. Alifunga breki, vespa ikalala, yeye akaburura mkono kwenye lami. Mtoto alianguka chali. Nilipomfikia alikuwa mzima, ushungi mweupe umejaa rangi ya ubuyu, na mimi kwa mara ya kwanza nikadhani ni damu. Ndara yake moja tuliitoa chini ya bampa ya gari iliyosimama. Mwenye gari alikuwa yuko ndani ya uwanja, anazungumza na mwalimu wa darasa. Alipotoka alisikitika kweli, hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Lakini mimi sikuwemo hata garini." Ndiyo, hakuwemo. Gari yake ilikuwemo.

Wiki ile nilifanya jambo. Nilimwomba mzazi mmoja aegeshe Noah yake kando ya ukuta, ndani ya uwanja, nikamsimamisha mwanafunzi wa darasa la kwanza nyuma yake. Nikenda hatua ishirini upande wa pili, nikachutama mpaka macho yangu yakawa sawa na ya dereva aliyekaa kitini. Sikumwona. Sikuona kofia wala begi. Nikamwambia aje mbele taratibu, na nilipoanza kuiona pua yake alikuwa keshapita ubavu wa gari. Angekuwa barabarani, angekuwa keshaingia njiani.

Basi fanya hesabu na mimi. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa inakata kama mita 14 kila sekunde. Dereva anahitaji kiasi cha sekunde moja kuona, kutambua na kupeleka mguu kwenye breki. Mtoto akitokeza mita kumi mbele yake, gari inamfikia kabla mguu haujakanyaga. Kwa kilomita 30 inakata mita nane na kidogo, kwa hiyo breki zinaanza kushika kabla ya kumfika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mwendo usizidi kilomita 30 pahala penye watoto wengi wa miguu. Lakini hata kilomita 30 hazitoshi kama mtoto haonekani mpaka dakika ya mwisho, na anayemficha ni mimi na wewe tuliosimama langoni na hazadi zinawaka. Faini ile hukutozwa kwa muda uliosimama. Umetozwa kwa kumziba macho dereva anayekuja.

La kufanya: simama mbali, hata nyumba sita au saba kabla ya lango, upande uleule wa skuli ili mtoto asivuke. Mshike mkono mwende pamoja. Kamba za viatu mfunge nyumbani.

SUALA: Mwalimu, mimi ni baba, niko Chake Chake. Dada yangu anaishi Uingereza, anasema kule nje ya skuli barabara imepigwa mistari ya manjano ya kupinda pinda na hakuna anayethubutu kusimama. Skuli ya mwanangu haina mstari wala kibao. Watu watatozwaje kwa jambo ambalo hawakuambiwa?

JAWABU: Dada yako anasema kweli. Nao wanalishikilia sana jambo hili: mwaka 2015 sheria ya kule ilizipunguzia halmashauri matumizi ya kamera katika kuwatoza wanaoegesha vibaya, lakini mistari ya nje ya skuli ikaachwa iendelee kulindwa na kamera.

Na wewe pia unasema kweli. Kumtoza mtu pahala ambapo hapana alama ni kutafuta ugomvi. Rangi na kibao ndio vitangulie, karatasi ifuate. Kwa hiyo anzeni nyinyi wazazi. Kaeni langoni wiki moja, mhesabu gari zinazosimama na watoto wanaovuka, asubuhi na wakati wa kutoka, muandike. Pelekeni kwa kamati ya skuli, kisha kwa sheha, na barua iende kwa wahusika wa barabara ikiwa na muhuri wa skuli. Barua yenye hesabu haiwekwi chini ya mafaili upesi kama barua ya malalamiko matupu. Ombeni vitu vinavyotajika: kivuko cha milia, matuta, njia ya miguu. Dar es Salaam taasisi ya Amend, inayoshughulikia usalama wa barabarani, imefanya kazi hizo hizo ndogo ndogo katika maeneo ya skuli, na mwaka 2019 mradi wao ulipata tuzo ya kimataifa ya miji. Haikuwa barabara za juu wala madaraja. Ilikuwa matuta, vigingi, alama na njia za kupita miguu.

Wakati mnasubiri, muulizeni mwalimu mkuu kama skuli ina lango jingine linaloangalia uchochoroni. Sisi tulikuwa nalo, limefungwa kufuli miaka chungu nzima. Tulipolifungua kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, kelele za lango kubwa zilipungua siku ileile.

SUALA: Mimi ni dereva wa gari ya skuli, nachukua watoto wa Fuoni. Nikisimama mbali wazazi wananilaumu, nikisimama langoni trafiki ananiandika. Nifanye nini?

JAWABU: Mwanangu, umebeba amana za watu. Zungumza na skuli wakutengee pahala ndani ya uwanja. Gari ya watoto kumi na mbili ina haki ya kuingia kuliko gari ya mtoto mmoja. Kama uwanja ni mdogo, washushe kwa mlango wa kushoto, ulio upande wa ukuta, na asishuke mtoto hata mmoja upande wa barabara. Chukua msaidizi wa kuwahesabu. Na kabla ya kurudi nyuma, teremka uzunguke gari yote kwa miguu, kila siku, hata kama ulishatazama kioo.