Barua za Wasomaji: Kwa Nini Filamu ya Nyuki Wauaji Ilishindwa Kutisha?

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni mimi na wenzangu tulitazama The Swarm, filamu ya maafa ya mwaka 1978 inayohusu nyuki wauaji wanaoshambulia Texas. Tulikuwa tumeonywa kwamba ni miongoni mwa filamu mbovu kupita kiasi, nasi tulicheka kila mahali ambapo bila shaka tulitakiwa kuogopa. Kinachonitatiza ni hiki: iliwezekanaje kazi yenye Michael Caine, Henry Fonda na Olivia de Havilland iharibike namna ile? Na je, nyuki wa aina hiyo wapo kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, kucheka kwenu hakukuwa utovu wa adabu. Ni vyema, hata hivyo, kufahamu kwamba mtayarishaji wake, Irwin Allen, hakuwa mbabaishaji, kwani ndiye aliyetayarisha The Poseidon Adventure ya mwaka 1972 na The Towering Inferno ya mwaka 1974, ambazo zilivutia watazamaji wengi mno. Uongozaji wa ile ya kwanza alimkabidhi Ronald Neame, na katika ya pili alishirikiana na John Guillermin, yeye akisimamia matukio ya hatari. The Swarm aliiongoza peke yake, na pengo la kukosa mwongozaji mwenza hujitokeza hasa wahusika wanapozungumza, maana husimama na kupeana maelezo kama watu wanaosomeana taarifa ya kikao.

Kwa maoni yangu, lakini, kosa kubwa limo katika nyuki wenyewe. Meli ya Poseidon ikishapinduka, mtazamaji huelewa mara moja kwamba maji yanapanda na kwamba manusura hawana budi kupanda mbele yake mpaka wafike kwenye tako la meli, ambalo sasa liko juu. Vivyo hivyo, katika jengo linaloungua la The Towering Inferno, kila mtu anajua moto uko ghorofa gani na nani amenaswa juu yake. Nyuki wa Allen hawana mpaka wala kanuni. Wanasababisha treni kuanguka, wanasababisha kinu cha nyuklia kulipuka, kisha wanatoweka mpaka hadithi itakapowahitaji tena. Mtu hawezi kuhofia jambo asilojua linaweza kufanya nini na haliwezi kufanya nini. Wale waliodungwa wakanusurika huona katika maruweruwe yao nyuki mkubwa kuliko binadamu, na hapo ndipo, nadhani, kicheko chenu kilipopanda zaidi.

Kuhusu waigizaji, wingi wao uligeuka mzigo. De Havilland, Fred MacMurray na Ben Johnson wanapewa kisa kirefu cha wazee wawili wanaomposa mwanamke mmoja, kisha wote watatu wanaangamia katika treni ileile, na filamu inaendelea kana kwamba hatujawahi kuwafahamu. Fonda pekee ndiye anayeokoka na aibu: daktari anayemwigiza anajidunga sumu ya nyuki ili aijaribu dawa aliyoitengeneza, na kwa dakika chache chumba kimoja, mtu mmoja na sindano vinatosha kukushika pumzi.

Nyuki hao wapo. Mwaka 1956 mwanasayansi Warwick Kerr alipeleka Brazili malkia wa nyuki kutoka Afrika, akikusudia kupata mbegu itakayozalisha asali vizuri zaidi katika hali ya joto. Mwaka uliofuata baadhi ya makundi yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa asili ya Ulaya na kusambaa kuelekea kaskazini, hata yakafika Texas mwaka 1990, miaka kumi na miwili baada ya filamu. Sumu yao haizidi ya nyuki wengine. Hatari yao ni kwamba huchokozeka upesi, hutoka wengi kwa pamoja na humfukuza mtu kwa umbali mrefu, ilhali katika filamu watu hufa kwa kudungwa mara chache tu.

SWALI: Nimesikia kwamba lipo toleo refu zaidi. Je, nilitafute?

JIBU: Toleo la kumbi za sinema lina takribani dakika 116, na lile refu linazidi saa mbili na nusu. Nyongeza yake ni mazungumzo zaidi kuliko maafa, kwa hiyo chukua lile fupi. Ila usizime kabla ya maandishi ya mwisho, ambamo watengenezaji wanatangaza kwamba nyuki muuaji wa Afrika waliyemwonyesha hana uhusiano wowote na nyuki wa Marekani, mchapakazi anayechavusha mazao ya taifa. Nao wamesahau kwamba nyuki huyo naye ni mgeni, aliyeletwa na walowezi kutoka Ulaya katika karne ya 17.