Mnaoanza kupiga hesabu za CO2 ya petroli ya viwandani Marekani, anzieni hapa

Jamani mnaoanza hii kazi, kabla hujachora hata grafu moja ya jimbo lako jua kwanza ile namba imetoka wapi, maana hakuna mtu aliyekaa na mita kwenye kila mashine. Wengi tunachukua data za EIA, ile idara ya takwimu za nishati ya serikali kuu, kwenye SEDS, mfumo wao wa takwimu za nishati za kila jimbo, na wao kwa petroli ya viwandani wanategemea sana makadirio ya idara ya barabara kuu, FHWA, kuhusu petroli inayotumika nje ya barabara. Kwa hiyo ni makadirio juu ya makadirio. Ni data nzuri tu na mimi nazitumia, ila ukiona mwaka mmoja mstari umeruka ghafla usikimbilie kuandika eti viwanda vimefufuka, nenda kasome maelezo ya mbinu kwanza, mara nyingi ni njia ya kukadiria ndo imebadilika wala hakuna kilichotokea huko site.

Halafu hili neno "viwanda". Kwa EIA sekta hiyo inabeba kilimo, misitu, uvuvi, madini na ujenzi, sio viwanda vya kutengeneza bidhaa peke yake. Kwa hiyo jimbo la wakulima kama Iowa usishangae ukikuta petroli ya "viwandani" na kiwanda hukioni, hiyo ni pampu za maji, jenereta, mashine ndogondogo za shambani. Mashine kubwa zinakula dizeli, na dizeli ina safu yake, kwa hiyo petroli ikishuka usiseme sekta imekuwa safi, angalia na dizeli kwanza.

Hesabu yenyewe siyo ngumu. Galoni moja ya petroli isiyo na ethanoli inatoa takriban kilo 8.89 za CO2. Watu huwa wanabisha kwamba galoni yenyewe haifiki hata kilo 3, sasa kilo 8 zinatoka wapi, jibu ni kwamba kaboni ikiungua inabeba oksijeni ya hewani, uzito wa kaboni ni 12 na wa CO2 ni 44, ndo maana uzito unaongezeka. SEDS wanaweka mapipa kwa maelfu, pipa ni galoni 42, kwa hiyo mapipa 100,000 ni galoni milioni 4.2, zidisha unapata kama tani 37,300. Sasa kwenye jedwali la milioni za tani hiyo ni 0.037, na jedwali likiwa na desimali moja utasoma sifuri! Kwa namba ndogo hivi anza na mapipa, piga hesabu mwenyewe, utaona mabadiliko ambayo kukadirisha desimali kumeyaficha.

Ethanoli nayo. Petroli nyingi ya Marekani ina ethanoli kama asilimia 10, na EIA hawaihesabu CO2 ya ethanoli kwenye hewa chafu ya mafuta ya kisukuku, kwa hiyo ukizidisha galoni zote kwa 8.89 jibu lako limezidi ukweli kwa karibu sehemu moja ya kumi. Angalia safu unayosoma kama ethanoli imetolewa au bado imo.

Na tafadhali usilinganishe hizi namba na zile za EPA, idara ya mazingira ya serikali kuu, zinazoripotiwa na kituo kimojamoja, kule kiwango cha kawaida cha kuripoti ni tani 25,000 kwa mwaka, sasa mkulima na fundi ujenzi watatokea wapi. Tani pia ziangalie, ya Marekani ni kama kilo 907, ya metriki ni 1,000, na kuna watu wanaripoti kaboni tupu badala ya CO2, hapo unazidisha kwa 3.67.

EIA wakitoa toleo jipya wanaweza kurekebisha hata miaka ya nyuma, kwa hiyo kila faili unalopakua liandike tarehe kwenye jina, na usiunganishe miaka ya toleo la zamani na ya toleo jipya kwenye grafu moja, pakua safu nzima upya.