Jibu: Fereydoun Farrokhzad alikuwa mshairi pia

Ndugu, umeuliza kama Farrokhzad wa Iran alikuwa mwimbaji tu, na imekuwaje akazikwa Ujerumani. Alikuwa mshairi kwanza. Alizaliwa Tehran mwaka 1938, akaenda kusoma siasa Ujerumani, na mwaka 1964 akatoa diwani yake kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani. Hilo hunigusa kila nikilikumbuka. Dada yake ni Forugh Farrokhzad, malenga mkubwa wa Iran aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1967.

Aliporudi Iran alipata umaarufu kupitia kipindi chake cha televisheni, Mikhak-e Noghrei. (Maana yake ni Mikhak ya Fedha; mikhak kwa Kiajemi ni jina la ua, na pia ndiyo karafuu yetu.) Aliimba, alichekesha, na alifungulia mlango wasanii chipukizi.

Mapinduzi ya Kiislamu ya Iran ya 1979 yalimlazimisha kukimbia. Huko ughaibuni hakunyamaza. Aliwakejeli watawala wapya wa Iran jukwaani waziwazi, akajaza hata ukumbi wa Royal Albert Hall kule London. Wakati wa vita vya Iran na Iraq alihangaikia watoto wa Kiirani waliotekwa vitani na kuzuiliwa Iraq. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko nyimbo zote, maana watoto wale walikuwa na watetezi wachache mno.

Agosti 1992 alikutwa nyumbani kwake Bonn, ameuawa kwa kuchomwa visu. Wapinzani wengi wa serikali waliuawa Ulaya miaka ile, na Wairani wengi wanaamini mkono ulitoka Tehran, lakini hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yake. Kaburi lake liko hukohuko Bonn.