Jibu: Gego lina tundu ila haliumi, nisubiri?
Habari ndugu. Unasema gego lina tundu, haliumi, na kila wiki unajiambia utaenda kwa daktari wa meno wiki ijayo. Tafadhali usisubiri maumivu. Gamba la nje la jino halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo uozo hutafuna kimyakimya. Likianza kuuma, mara nyingi uozo umeshakaribia kiini, sehemu ya ndani ya jino yenye mishipa ya fahamu.

Mimi niliahirisha miezi minane. Usiku mmoja niliamka nimeshika shavu, linapwita hadi sikioni, na jino ambalo lingezibwa tu likang'olewa. Hadi leo ulimi wangu hulitafuta pale.

Kwanza jaribu maji baridi. Jino likiendelea kuuma hata baada ya kumeza, nenda kesho asubuhi. Lisipouma, weka miadi leo leo, kabla hujalala.