Kutoa propela hakupunguzi mafuta, kunaua gari

SWALI: Nafundisha kijijini wilaya ya Bahi, nyumbani ni Dodoma mjini. Nimepata RAV4 mbili za mwaka 2003, bei karibu sawa. Moja ni ya cc 1,800, inavuta kwa mbele tu. Nyingine ni cc 2,000, D4, na ni 4WD. Moyo uko kwa hii ya pili, na muuzaji anasema nisiogope mafuta: fundi wake ataitoa propela, ule mhimili mrefu wa chini unaopeleka nguvu nyuma, itakula kama ile ndogo, mvua zikianza nairudishia. Nichukue ipi?

JIBU: Mwalimu, chukua ya cc 1,800, na huyo fundi asikuguse gari.

Habari hii ya propela naletewa gereji kila mara, na imeshaua magari mazima kabisa. Ilitoka kwenye Hilux na Land Cruiser za zamani, zile zenye gia ndogo ya kuingizia 4WD. Kule ukifungua propela ya mbele, gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma kama kawaida, halina neno. Fundi aliyejifunzia huko anadhani kila 4WD ni hiyo hiyo.

RAV4 ya umri huo haina gia ya kuchagua. 4WD yake iko kazini muda wote, na nguvu inagawanywa na difu ya katikati iliyoshikana na gia boksi. Difu hupeleka nguvu kwenye upande mwepesi. Ukitoa propela, upande wa nyuma unabaki mtupu, na nguvu yote inataka kukimbilia huko. Kinachobaki kulivuta gari ni visko peke yake: kopo lenye visahani vinavyozunguka ndani ya mafuta mazito ya silikoni, lililowekwa kusaidia tairi zikiteleza kidogo. Wewe unalibebesha gari zima, Bahi hadi mjini, kila siku. Linachemka, na moto huo unatokana na petroli ile ile uliyotaka kuiokoa.

Niliwahi kuletewa moja, ukikanyaga mafuta injini inalia, gari limesimama. Tulipofungua, oili ilitoka nyeusi tii, inanuka kama breki zilizoungua, na ndani yake chenga za chuma zinang'aa kama mchanga wa mtoni. Mwenyewe alinunua gia boksi ya mtumba.

D4 nayo ina masharti. Inarusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na pampu hiyo haivumilii uchafu wala maji. Ukiishiwa njiani ukanunua ya kwenye chupa, umejitafutia kesi. Ya 1,800 ni mvumilivu zaidi. Ugonjwa wake ni kula oili, kwa hiyo iwashwe asubuhi ikiwa ya baridi, uangalie moshi wa bluu, kisha uchomoe kijiti cha oili.

Tope la mbuga za Bahi, Desemba hadi Aprili, nalijua. Kama shule iko ng'ambo ya mbuga, 4WD ina maana, lakini iwe nzima, na tairi zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawa. Mbili mpya na mbili vipara zinaichosha visko hiyo hiyo.

Na fundi wa kutoa propela mara nyingi ndiye huyo huyo anayetoa themostati, valvu ya kutunza joto la injini, eti Dodoma kuna joto. Injini inakosa joto lake la kufanyia kazi, inakunywa zaidi, na mteja anaambiwa tatizo ni plagi. Magari yaliyowahi kutolewa propela yanauzwa humu mjini kila siku, na muuzaji hasemi. Kabla hujalipia 4WD yoyote, lala chini uifuate propela kutoka gia boksi hadi difu ya nyuma. Ukikuta flanji, ile sahani ya kufungia propela, iko tupu, matundu ya bolti yamejaa vumbi, ondoka. Ukikuta propela ipo lakini bolti zake zinang'aa wakati kila kitu kingine kimeganda vumbi na grisi, muulize muuzaji ilirudishwa lini, na kwa nini ilitolewa.