Swali la lugha: Milima ya Virunga "yanapakana", "vinapakana" au "inapakana"?

SWALI: Katika kazi ya jiografia niliandika, "Milima ya Virunga yanapakana na Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo." Mwenzangu anashikilia ni "vinapakana", kwa kuwa jina linaanza na vi-. Nani yuko sahihi? Na Nyiragongo, mmoja wa milima hiyo, "umelipuka" au "imelipuka"?

JIBU: Nyote wawili mmeteleza, ila kila mmoja kwa njia yake.

Wewe umeponzwa na "ya" ya "milima ya". Umeiona, ukakumbuka "mawe ya" na "maziwa ya", ukaandika "yana-". "Ya" hizo zinafanana kwa sauti tu. Ya mawe imetokana na ya + a, ya milima imetokana na i + a. Ondoa maneno ya katikati utaona: mawe yanaporomoka, milima inaporomoka. Kwa hiyo milima ya Virunga inaonekana, ina misitu, iko nane.

Mwenzako ana hoja nzuri zaidi. Kwa Kinyarwanda volkano moja ni ikirunga na nyingi ni ibirunga, jozi inayolingana na ngeli yetu ya KI-VI. Lakini jina likishakuwa la mahali, Kiswahili hakiangalii tena herufi zake za mwanzo. Husemi "Uganda unapakana" wala "Mtwara uko kusini". Basi "Virunga ina vilele vinane". Ukitaka wingi usikike, itaje nomino yenyewe: volkano za Virunga ziko nane, milima ya Virunga iko nane.

Kosa kubwa, hata hivyo, ni lile ambalo hamkuligombania: "kupakana". Nchi ndizo zinazopakana. Milima hii haipakani na Rwanda, sehemu yake imo ndani ya Rwanda. Kileleni mwa Sabyinyo, mlima mwingine wa Virunga, ndipo mipaka ya nchi zote tatu inapokutana. Karisimbi, mrefu kuliko wenzake wote, wenye kimo cha mita 4,507, umekaa juu ya mpaka wa Rwanda na Kongo. Andika "imekaa mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo" na ugomvi wa yana- na vina- utakuwa umekwisha wenyewe.

"Safu ya milima" pia ni sawa, hata kama kila mlima umesimama peke yake. Tangu Muhabura upande wa mashariki hadi Nyiragongo na Nyamuragira magharibi, imejipanga ikikatisha Bonde la Ufa la magharibi. Ndiyo iliyoziba njia ya maji: zamani maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini, sasa Ziwa Kivu linatoa maji yake kusini kwa mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika.

Sasa Nyiragongo. "Umelipuka" ukifikiria mlima, "imelipuka" ukifikiria volkano. Chagua moja uishike hadi mwisho wa aya, maana mlima uliolipuka Jumatatu hauwezi kuwa "imetulia" Jumanne.

Mimi ningekitazama zaidi kitenzi chenyewe. Kulipuka kunaleta picha ya kishindo na majivu yakirushwa angani, na Nyiragongo kwa kawaida haufanyi hivyo. Zaha yake, yaani mawe yaliyoyeyuka, ina silika (madini yanayoifanya zaha iwe nzito) kidogo mno, ni majimaji na hukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la zaha lililokuwa kasokoni, yaani katika shimo la kileleni, lilitoboka kwa nyufa za ubavuni, likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Januari 2002 nyufa zilifunguka upande wa kusini, zaha ikapita katikati ya mji wa Goma hadi ikaingia Ziwa Kivu. Hapo "zaha ilibubujika", "ilimwagika", "ilitiririka" vinaeleza jambo lilivyokuwa. Magazeti yataendelea kuandika "mlipuko wa volkano" kama jina la jumla, nami sina ugomvi nayo. Ila katika kazi ya jiografia, mwalimu makini atakuuliza kilicholipuka ni nini.

Jambo dogo: "Virunga" peke yake siku hizi ni pia hifadhi ya taifa ya Kongo, iliyoanzishwa 1925, na eneo lake linafika mbali kaskazini hadi Ruwenzori, ambako milima si ya volkano hata kidogo. Kwa hiyo unapozungumzia miamba na zaha, usilidondoshe neno "milima".